Mpwa wangu ni namba tisa: miaka mitatu ya kwanza, dakika kwa dakika (uzi)

Mleta mada

Mbukwenyi wana Dodoma, na salamu kwa wakuu wote mnaopita hapa.

Juzi usiku nilipigiwa simu na mzazi mmoja wa Mpwapwa. Kijana wake ana miaka 17, ni mshambuliaji, na kuna timu ya Dar imemtumia karatasi za kusaini. Akaniuliza, "Kaka, wewe umeyapitia haya. Nisaini?" Tukaongea dakika kumi, salio likamwishia, nami nikakaa macho mpaka usiku wa manane nikiwaza yale ambayo sikumwambia. Ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Mimi si kocha wala wakala. Ni fundi seremala, karakana yangu iko Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma. Dada yangu anaishi Mvumi, na mwanawe wa pili nimemlea mimi tangu yuko darasa la tatu. Leo ana miaka 20, ni mshambuliaji wa kati, yaani namba tisa, na anaishi kwa mshahara wa mpira. Jina lake silitaji, wala timu alizopita, maana bado yuko kazini na maneno ya mtandaoni hayana breki.

Nitaandika kwa vipande, kazi ikiruhusu.

Mleta mada

Alianza kama watoto wote, kwenye chandimu, mpira wa watoto wa mtaani. Kiwanja chetu kilikuwa kipande cha ardhi nyekundu nyuma ya nyumba. Kiangazi ni vumbi tupu, na ule upepo wa mwezi wa saba na wa nane ambao aliyewahi kuishi Dodoma hahitaji kusimuliwa. Mpira ukipigwa juu unarudi kama una kamba.

Wenzake walipenda chenga. Yeye alikuwa anasimama tu. Nilidhani mvivu, na nilishamsema kwa hilo. Siku moja mwalimu wa michezo wa shule yake ya msingi, akiwa anachagua timu ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, akaniambia, "Usimtazame miguu, mtazame shingo." Nikatazama. Kabla mpira haujamfikia alikuwa amegeuza shingo mara mbili, tatu, anaangalia beki yuko wapi na nafasi iko wapi. Hakuna aliyemfundisha. Halafu kwa sababu ya upepo, mipira ya juu ilikuwa inadondoka pale ambapo wenzake hawakutarajia, na yeye alishafika pale anaingoja.

Daluga zake za kwanza tulizinunua mtumbani Sabasaba. Zilimzidi namba mbili. Nikakata sponji ya makochi pale karakanani tukajaza vidoleni, na soli ikashonwa kwa uzi wa nailoni. Uzi ulikuwa unakatika kila baada ya mechi mbili, hivyo akajifunza kutumia shazia mwenyewe, jioni, amekaa kwenye kigoda changu, taa ya simu ameishika mdomoni. Amecheza UMISSETA, michezo ya sekondari, na viatu hivyo hivyo mpaka kidato cha pili.

Naeleza haya kwa sababu moja. Ile shingo ndiyo mtaji wake. Nitairudia huko mbele, kwa sababu kuna wakati aliipoteza.

Mdau wa Kizota

Mleta mada tupo tunakusoma, usituache njiani. Mimi nina mdogo wangu winga, yupo kwenye hali hiyo hiyo.

Mleta mada

Karibu mkuu.

Alipofikisha miaka 16 alianza kuitwa kwenye ndondo, mashindano ya mitaani. Anayedharau ndondo hajui mpira wa nchi hii. Kule kuna mabeki wa miaka 30, wabeba mizigo wa sokoni, na refa haoni kiwiko. Mtoto alirudi nyumbani mdomo umevimba, hana malalamiko, anauliza tu kesho wanacheza saa ngapi.

Miaka 17 akachukuliwa na timu ya First League. Kwa wasiofuatilia ngazi: juu kuna Ligi Kuu, chini yake Championship, kisha First League, halafu mnashuka ligi za mikoa. Mkataba ulikuwa wa posho na chakula. Posho ilikuwa inakuja ikijisikia.

Hapo ndipo nilianza kuandika. Nilinunua kaunta buku, nikachora mistari: tarehe, mpinzani, goli. Mechi sita za kwanza safu ya goli ikabaki nyeupe. Nilianza kuingiwa na hofu, na mbaya zaidi nilianza kumuonyesha hofu hiyo mtoto. Kila akirudi swali langu ni moja: umefunga? Kocha msaidizi wao, mzee mmoja mtaratibu sana, aliliona lile daftari siku nimekwenda mazoezini. Akalifungua, akaniomba kalamu, akachora safu mbili zaidi kwa mkono wake mwenyewe. Moja akaandika DAKIKA, nyingine MASHUTI. Akasema, "Kwa umri huu andika hizi. Goli ataliandika yeye."

Msimu ule: dakika 1,140, mashuti 38, goli 5. Kwa mtoto wa miaka 17 anayekabwa na watu wazima, sasa najua kwamba ulikuwa msimu mzuri mno. Wakati ule nilimwona ana goli tano tu.

Mwananchi wa Area C

Kaka, dakika za First League zina faida gani? Samatta aliondoka hapa ana miaka 18. Angekaa anahesabu dakika za mchangani mngemsikia leo? Mtoto akipata mlango apite, msimcheleweshe.

Mleta mada

Mkuu, nakuheshimu, ila tuifuatilie njia ya Samatta hatua kwa hatua, maana kila mzazi anaitaja na wengi wanaruka katikati.

Mbwana Samatta alitoka African Lyon, akaja Simba 2010. Mwaka 2011 Simba ikakutana na TP Mazembe ya Kongo kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, Wakongo wakamwona uwanjani, wakamchukua. Ni kweli, alikuwa na miaka 18. Lakini alikwenda wapi? Lubumbashi, nyumbani kwa Mazembe. Alikaa pale mpaka Januari 2016. Zaidi ya miaka minne! Akacheza, akafunga, akabeba Ligi ya Mabingwa ya 2015 na kumaliza kwenye kilele cha wafungaji wa mashindano akiwa na goli saba, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Ndipo akaenda Genk ya Ubelgiji. Kule nako akakaa miaka minne, akawa bingwa wa Ubelgiji 2019, Novemba mwaka huo akawafunga Liverpool kwa kichwa Anfield. Januari 2020 ndiyo akaenda Aston Villa, na Machi mosi akafunga kwa kichwa tena fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley dhidi ya Manchester City.

Kichwa cha Wembley watu wote wanakikumbuka. Lubumbashi hawaikumbuki. Na mimi naona mshambuliaji alitengenezwa Lubumbashi, kwa sababu ndipo alipocheza wiki baada ya wiki, akiwa na miaka 19, 20, 21.

Mwingine mtazame George Mpole. Msimu wa 2021/22 alikuwa Geita Gold, timu iliyokuwa mpya Ligi Kuu. Akafunga 17, akamzidi Fiston Mayele wa Yanga kwa goli moja, akawa mfungaji bora wa nchi. Akiwa Geita!

Mwananchi wa Area C

Hapo kwa Mpole umenipata. Ila Simon Msuva alipita Yanga akafika Morocco. Timu kubwa zinafungua njia, usizifute.

Mleta mada

Sizifuti. Msuva alikuja Yanga 2012 akitokea Moro United, akawa anacheza. Akawa mfungaji bora 2014/15 kwa goli 17 na ndipo akatafutwa. Anayecheza timu kubwa ana bahati mbili. Ninayemzungumzia ni yule anayevaa jezi kubwa siku ya picha, kisha basi.

Naona sasa niingie kwenye kipande kigumu.

Mleta mada

Miaka 18. Ikaja simu kutoka Dar. Timu ya Ligi Kuu, jina linajulikana, na siliandiki hapa. Fedha ya usajili ilitosha kuezeka nyumba ya mama yake Mvumi, na kweli tuliezeka, bati zile zipo mpaka leo na silijutii hilo. Mkataba miaka mitatu. Tulisaini ofisini saa kumi na moja jioni, haraka haraka, kuna mtu anasubiri kupiga picha. Nakala wakasema tutatumiwa. Hatukutumiwa mwaka mzima. Wazazi, hili ni kosa langu mimi mtu mzima niliyekuwa nimekaa pale na kalamu mkononi: niliinuka kitini bila nakala.

Na kuna swali sikuliuliza. Timu ile ilikuwa na washambuliaji wa kati wanne, wawili mapro wa kigeni wenye mikataba mipya. Yeye alikuwa wa tano. Hakuna aliyetuficha. Yalikuwa yameandikwa magazetini. Ni mimi sikuhesabu.

Daftari la msimu ule ninalo hapa mezani. Ligi Kuu, mechi tano, zote akitokea benchi: dakika 4, dakika 6, dakika 3, dakika 19, dakika 9. Jumla 41. Mashuti mawili.

Mshahara wa mwezi wa kwanza na wa pili ulikuja. Kisha ukasimama miezi mitatu. Chumba walikaa wanne. Simu zake zikaanza kuwa fupi. Usiku mmoja akaniambia, "Mjomba, mpira ukija naogopa."

Treni ya SGR ya Dar na Dodoma ilikuwa bado haijaanza, ilianza mwishoni mwa Julai 2024. Nikapanda basi la alfajiri Nzuguni, mchana nikawa Dar. Tulikwenda kwenye kiwanja kimoja kitupu karibu na anapokaa, mimi na yeye tu. Nikawa namrushia mipira kwa mkono, kama tulivyokuwa tunafanya Chang'ombe. Alipiga yote. Kwa nguvu, kwa hasira, mingine juu, mingine pembeni. Mimi sikuwa naangalia mpira unaenda wapi. Nilikuwa nangoja ageuze shingo. Nimerusha mipira zaidi ya ishirini. Hakugeuza hata mara moja.

Nikamwambia twende tukale. Tulikula chipsi kuku, hatukuongea mpira kabisa, nikarudi na basi la usiku. Nililia kwenye basi. Naandika hivyo hivyo.

Mama wa Kondoa

Baba, pole sana. Nimesoma mpaka machozi. Wangu ana miaka 15, anacheza mbele pia. Kuna mtu anajiita wakala anataka laki nane za "maandalizi" ili ampeleke majaribio Ulaya. Nimeshauza mbuzi wawili. Naomba unishauri kabla sijatuma.

Mleta mada

Shikamoo mama. Usitume hata shilingi. Naomba nikujibu kwa urefu.

Kwanza, ana miaka 15. Sheria za FIFA zinakataza kumhamisha mchezaji kimataifa kabla hajafikisha miaka 18. Kuna vighairi vichache, mfano wazazi wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizo za mpira, au wale wa ndani ya Umoja wa Ulaya kuanzia miaka 16. Mtoto wa Kondoa anayepelekwa na mtu baki hayumo humo. Hata Kelvin John wa Morogoro, aliyejulikana na nchi nzima akiwa timu ya taifa ya vijana, alikwenda kwanza Uingereza kwenye shule ya Brooke House, na Genk wakamchukua rasmi alipofikisha miaka 18, mwaka 2021. Baadaye akaenda Aalborg, Denmark. Na huyo ndiye aliyekuwa anang'aa kuliko wote wa rika lake.

Pili, wakala wa kweli amefanya mtihani wa FIFA na ana leseni, na orodha yao ipo wazi kwenye tovuti ya FIFA. Muulize jina lake kamili kama lilivyo kwenye leseni, mtafute. Kwa mtoto hawezi kusaini chochote bila mzazi kuridhia kwa maandishi. Na wakala analipwa asilimia ya kile mchezaji anachopata. Anayekuombeni fedha kabla hajawapa kazi, fedha yenyewe ndiyo kazi yake.

Rudisha hao mbuzi mama kama bado mnunuzi yupo karibu.

Mama wa Kondoa

Marahaba mwanangu. Sitatuma. Mungu akubariki.

Kocha wa mchangani

Wakuu, nina timu ya watoto huku Nkuhungu, nafundisha mwaka wa tisa sasa. Mleta mada naomba uongezee kitu kuhusu sisi wa chini, maana watoto wanatoka mikononi mwetu na hatupati hata mpira mmoja.

Mleta mada

Kocha, hili nimelisoma sana baada ya yaliyotukuta.

Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine ndani ya mkataba, asilimia 5 ya fedha inakatwa kwa ajili ya timu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Miaka ya 12 mpaka 15, kila mwaka ni asilimia 0.25. Miaka ya 16 mpaka 23, kila mwaka 0.5. Sasa piga hesabu: mtoto umemlea kuanzia 12 mpaka 15, miaka minne, hiyo ni asilimia 1. Akiuzwa nje kwa shilingi bilioni moja, timu yako ina milioni 10. Mbali na hiyo kuna fidia ya mafunzo anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na kila anapohama nchi mpaka mwisho wa mwaka anaotimiza 23.

Lakini inalipwa kwa timu iliyosajiliwa, na mtoto awe ameandikwa kwenye usajili, mwaka kwa mwaka. Hilo ndilo linawaumiza walimu wetu. Mtoto amecheza kwako miaka mitano na hakuna karatasi hata moja inayosema hivyo. Kocha, anza leo: timu iandikishwe kwenye chama cha mpira cha wilaya, watoto wapate leseni, weka nakala za vyeti vya kuzaliwa.

Kocha wa mchangani

Asante sana. Vyeti vya kuzaliwa ndiyo mtihani, nusu ya watoto hawana. Nitaanza na hilo.

Na mimi niongeze la ufundi kwa wazazi wenye namba tisa. Msimwimbie mtoto apige mashuti ya mbali. Goli nyingi zinapatikana ndani ya boksi, mguso mmoja, miwili. Mfundisheni kuanza kukimbia akiwa nyuma ya bega la beki, pale ambapo beki hawezi kumwona yeye na mpira kwa pamoja, kisha akate mbele kwenda mlingoti wa karibu. Na baada ya mazoezi abaki na mipira michache, kumi tu, apige kwa ndani ya mguu, taratibu, pembeni mwa kipa. Kumi za utulivu zinazidi hamsini za kubutua.

Mdau wa Kizota

Je mshahara ulipokwama mlifanyaje? Mdogo wangu anadai miezi miwili.

Mleta mada

Miezi miwili ndiyo kipimo chenyewe mkuu. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji asiyelipwa mishahara miwili ana haki ya kuvunja mkataba kwa sababu ya msingi, ila kwanza aiandikie timu barua ya madai na kuipa siku 15 ilipe. Ikipita hapo, kwa hapa ndani shauri linakwenda Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho letu la mpira. Kwa hiyo barua, mkuu. Barua yenye tarehe, ipokelewe na kugongwa muhuri, nakala ubaki nayo. Kulalamika kwenye WhatsApp kwa meneja hakuhesabiki.

Sisi tuliandika. Na hapo ndipo nakala ya mkataba ikapatikana, maana bila hiyo hata barua ulikuwa huwezi kuiandika vizuri. Siku ya kumi na mbili wakalipa miezi miwili kati ya mitatu na wakakubali jambo ambalo tulilitaka zaidi ya fedha: aende kwa mkopo.

Mleta mada

Msimu wa mkopo. Timu ya Championship, kanda yetu hii ya kati. Mshahara mdogo kuliko wa Dar. Basi la timu linazima milimani. Nilimuuliza kocha swali moja kabla ya kukubali: namba tisa wako sasa hivi ni nani? Akajibu, "Sina. Ndiyo maana nimekupigia."

Mechi ya kwanza dakika 90. Ya pili 90. Ya tatu 78. Nilikuwa naandika zile namba kwenye daftari mkono unatetemeka.

Goli la kwanza lilikuja mechi ya nne, Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, tulikuwa wageni ingawa kwake ni nyumbani. Mama yake alikuja kutoka Mvumi, hakuwahi kumwona akicheza hata siku moja. Alikuja na kikapu, ndani kuna karanga na chupa ya chai. Tukakaa upande wa jua kwa sababu kivulini palishajaa. Kipindi cha pili timu zilibadilishana upande, mimi nikasahau kumwambia. Kona ikapigwa kutoka kushoto, upepo ukaisukuma ndani, beki wa kwanza akairukia akaikosa. Nikamwona shingo. Kulia, kushoto. Akapiga hatua mbili mbele ya mtu wake, mpira ukamgonga juu ya goti ukaingia. Goli baya, la kusukumwa, halina picha. Uwanja ukapiga kelele na dada yangu akanishika mkono akauliza, "Kuna nini?" Alikuwa anaangalia goli la upande mwingine.

Nikamwonyesha: yule aliyelala chini na wenzake juu yake, yule ndiye mwanao. Akasimama na kikapu chake mkononi, akapiga vigelegele peke yake, wakati watu wameshakaa.

Mama wa Kondoa

Mungu ni mwema jamani!

Mleta mada

Amina mama.

Baada ya hapo msidhani njia ilinyooka. Akafunga tatu, kisha zikaja mechi tisa bila goli. Tisa! Mashabiki wakaanza kumpigia kelele akigusa mpira. Mimi safari hii nililifungua daftari nikatazama safu ya yule mzee. Mashuti: 3, 2, 4, 2, 3. Alikuwa anafika. Kipa anaokoa, mlingoti, sentimita pembeni, lakini anafika. Kule Dar tatizo lilikuwa hafiki kabisa. Kocha naye aliliona hilo, hakumtoa. Mechi ya kumi akafunga mbili.

Akamaliza na mechi 24, dakika 1,870, goli 8. Msimu huu amepata mkataba mwingine, miaka miwili, nakala nilitoka nayo mkononi siku hiyo hiyo.

Mwananchi wa Area C

Kaka nimekuelewa, lakini nibaki na langu moja. Mazoezini Dar alikuwa anakabana na mabeki wa kimataifa kila siku. Huwezi kuniambia hakujifunza.

Mleta mada

Alijifunza, na mwenyewe anasema hivyo. Kuna mshambuliaji mkubwa, mgeni, alimfundisha kutumia makalio kumzuia beki kabla mpira haujafika, badala ya kusubiri ufike ndipo asukumane. Mpaka leo anaitumia. Na yule bwana alikuwa akimnunulia chakula mishahara ilipokwama. Namheshimu.

Ila tazama na hili. Wafungaji bora wa Ligi Kuu kuanzia 2018/19 mpaka 2024/25: Kagere, Kagere tena, Bocco, Mpole, Mayele sawa na Saido Ntibazonkiza, Aziz Ki, Ahoua. Misimu saba, Watanzania wawili. Na Saido, Aziz Ki na Ahoua ni viungo, si namba tisa. Maana yake timu kubwa zinanunua goli nje, na siku hizi zinazipata hata kwa viungo. Kijana wetu wa miaka 18 anaingia kwenye foleni hiyo. Siwalaumu, wanatafuta ubingwa kila mwaka. Nasema tu mzazi aione foleni kabla hajasimama ndani yake.

Dada wa Ipagala

Na mabinti je? Mdogo wangu anatamani timu ya wanawake ya Fountain Gate Princess, tupo nao hapa hapa Dodoma.

Mleta mada

Dada, swali ni lile lile. Nenda kawatazame mazoezini mara tatu, angalia nani anacheza nafasi yake na ana umri gani. Kuwa nao mji mmoja ni faida kubwa, atalala nyumbani.

Mzazi wa Mpwapwa

Wakuu, mimi ndiye niliyepiga ile simu. Nimeusoma uzi wote jana usiku, nikamsomea na mwanangu. Leo asubuhi nimewapigia watu wa Dar. Nimeuliza kama ulivyosema: nani anacheza namba tisa hapo kwenu, na mkataba wake unaisha lini? Yule bwana akanyamaza kidogo. Akasema nisubiri, atamuuliza mwalimu kisha atanipigia.

Mleta mada

Vizuri sana kaka. Usimpigie wewe, acha apige yeye. Kijana wiki hii ana mechi?

Mzazi wa Mpwapwa

Jumamosi, ligi ya mkoa. Anaanza.

Mleta mada

Basi mnunulie kaunta buku. Jumamosi jioni niandikie hapa: dakika ngapi, mashuti mangapi.